Mkanda wa Nne

Jumapili saa kumi, zanana tu, hakuna mwanamme
ila yule wa mashine juu, na yeye, mama alisema,
kishazeeka, hana habari na mtu.
Mabaibui yakavuliwa, yakakaa mapajani
kama paka weusi waliolala.
Asumini, udi wa nguoni, njugu zikivunjwa gizani
ka, ka, ka,
na Zamzam, somo yangu, keshanibana mkono
picha yenyewe haijaanza kutisha.

Kaka yangu Haroub alikuwa nje, juani.
Picha moja ikija mjini, senema mbili zaitaka:
Malindi wanaanza, Vuga wanangoja,
na kila mkanda ukesha kule
watiwa batini, bati keria, kamba, na Haroub huyo
Darajani, Mkunazini, kengele haina kazi, anatumia koo:
"Pisheni! Mkanda!"
Harusi za watu na vifo vyao vimo mgongoni mwake,
yeye hajui nani kafa.
Usiku, tukila, huniuliza:
"Yule mwenye shati jeupe, alimpata?"
Nikamwambia hakumpata.
Akatafuna muhogo, akafikiri.
"Ndio maana wa sita ulikuwa mzito."

Siku hiyo mkanda wa nne haukufika.
Wa tatu ulituachia bibi mlangoni,
kashika barua, kinywa wazi, anataka kusema,
kisha ukuta mweupe.
Mwanzo tulicheka. Halafu miluzi
(wanawake hupiga miluzi, mlikuwa hamjui?)
halafu makubadhi yakaanza kugonga sakafu.

Ndipo akainuka Bi Mgeni wa Kajificheni, muuza visheti,
kiti kikalia kwa kuachwa.
"Nyamazeni! Mie nimeiona Alhamisi, Malindi. Nakwambieni."
Kihindi hakujua hata neno la kuombea maji
lakini barua ile aliisoma yote,
mpaka salamu za mwisho.
Akawa mkwe, akawa mke, akamtukana mume kwa Kipemba,
akamtoa mtoto kisimani, akampiga mgongo, mara ya kwanza kimya,
mara ya pili kimya,
mara ya tatu mtoto akapiga chafya.
Tulilia, kila mtu na ncha ya leso yake.
Mama yangu, ambaye msibani halii,
alilia akanipa njugu zake zote.

Haroub akafika magharibi inakaribia,
goti linavuja, mnyororo umekatika Mkunazini,
bati limefunguka, mkanda umekimbia mferejini
kaufukuza kama kuku.
Taa zikazimwa. Tukautazama wa nne.
Barua ilikuwa ya deni la duka.
Mtoto hakupiga chafya.
Kimya kirefu, kisha sauti ya nyuma:
"Hii wameikosea."
Na njiani, mpaka Kikwajuni, tulihadithiana ya Bi Mgeni.

Haroub tumemzika Shaabani iliyopita.
Mkewe kaniletea kopo la biskuti, "kasema lako."
Ndani risiti, funguo isiyojua kufuli lake,
na kipande cha mkanda, shibiri moja,
kingo zimeliwa.
Hakumwambia mwenye senema. Hakunambia mimi.
Alikula nami muhogo miaka yote ile
na kipande kimo koponi.

Nimekiinua dirishani, kwenye jua la asubuhi.
Bibi mlangoni. Barua. Kinywa wazi.
Mabibi kumi na mmoja, nimewahesabu, mmoja juu ya mwenziwe,
na hakuna aliyekwisha kusema.
Sauti yake imo, iko pembeni,
mstari mwembamba kama wanja.
Nimeupitishia kidole.